"Baridi yabisi imempanda kifuani": ugonjwa wa viungo unavyofika kwenye mapafu

Kuanzia Juni mpaka Agosti, baridi ya Nyanda za Juu Kusini inapokaza na umande wa Makete kuganda alfajiri, kuna kauli inayosikika sana sokoni na kwenye foleni za zahanati: "Baridi yabisi imempanda kifuani." Anayesemwa hivyo mara nyingi ni mtu ambaye vidole na magoti yamemtesa kwa miaka, na sasa ameanza kukohoa kikohozi kikavu na kuhema akipanda kilima kidogo tu.

Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Kweli, ugonjwa wa viungo na shida ya kifua vinaweza kuwa kitu kimoja. Lakini si baridi iliyopanda. Kati ya nusu hizo mbili ndipo watu wanapopotelea. Mmoja anachuliwa mafuta na kuongezewa sweta. Mwingine anameza dawa za kifua kikuu miezi sita bila kimelea kuonekana. Wa tatu anaacha dawa za viungo "ili kifua kipone kwanza", na huyo ndiye anayetutia hofu zaidi.

Tuanze na jina lenyewe. "Baridi yabisi" ni gunia lililotiwa magonjwa mengi. Kuna kuchakaa kwa gegedu, yale magoti ya mtu wa miaka 60 aliyelima viazi maisha yake yote. Kuna jongo, ambalo hospitalini huitwa gauti. Na kuna rumatoidi, ambayo chanzo chake ni kinga ya mwili. Magoti yaliyochakaa huuma zaidi jioni baada ya kazi, na ukakamavu wake wa asubuhi huachia ndani ya nusu saa. Rumatoidi hupenda viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi mtu hukakamaa saa nzima au zaidi kabla hajaweza kushika kikombe cha chai vizuri. Makala hii inahusu rumatoidi na ndugu zake.

Baridi huzidisha maumivu na hubana mishipa midogo ya vidole, hilo halina ubishi. Ila haianzishi ugonjwa. Rumatoidi ipo Tanga na Dar es Salaam, kwenye joto la kutoa jasho usiku.

Sungusungu wanapowageukia wenyeji

Kinga ya mwili ni kama sungusungu wa kijiji. Kazi yao ni kuwatambua wageni wabaya, yaani vimelea, na kuwakamata. Katika magonjwa haya sungusungu wanakosea sura: wanawakamata wenyeji. Wakivamia utando wa viungo, ni rumatoidi. Lupasi hushambulia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ngozi, figo, viungo, damu, na katika kila wagonjwa 10 karibu 9 ni wanawake. Skleroderma hukaza ngozi mpaka vidole vinang'aa na mdomo unakuwa mgumu kufunguka. Upo ugonjwa wa misuli, ambapo mtu anashindwa kuinua mikono kusuka nywele, kujitwisha ndoo au kunyanyuka kwenye kigoda. Na upo wa Sjögren, unaokausha macho na mdomo hadi ugali haumezeki bila maji.

Sasa, kwa nini mapafu? Kwa sababu damu yote ya mwili hupita humo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 kwa dakika, na zote hupitia mapafuni kabla ya kwenda kwingine. Sungusungu waliochanganyikiwa wanasafiri ndani ya damu hiyo. Wanachokikuta huko ni kitu laini mno: vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, ambavyo vikitandazwa hufunika karibu mita za mraba 70, sawa na sakafu ya nyumba ya vyumba vitatu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni hupenya ukuta huo. Ukivimba au ukiota kovu, oksijeni inakwama mlangoni.

Makovu ya mapafu

Hili ndilo tatizo linalostahili muda wetu mwingi, kwa kuwa huja kimyakimya na likishatulia halirudi nyuma.

Chukua dodoki lililolowa maji. Ukilibana linarudi, hewa na maji vinapita kila upande. Likauke juani wiki nzima uone: linakakamaa, linasinyaa, ukilibana linavunjika. Mapafu yenye makovu yanafanana na dodoki hilo kavu. Mgonjwa hashindwi kutoa pumzi kama mwenye pumu, anashindwa kuijaza. Ndiyo maana anapumua harakaharaka na kwa kina kifupi, na ndiyo maana dawa ya pumu ya kupulizia haimsaidii hata akipewa makopo matatu.

Kikohozi chake ni kikavu. Daktari akiweka kifaa cha kusikilizia mgongoni, chini ya mbavu pande zote mbili, mgonjwa akivuta pumzi ndefu, husikia mchakacho mwembamba, kama kubandua polepole vile vibandiko vya kunasia vya viatu vya watoto. Sauti hiyo haigharimu kitu kuisikiliza na hutokea mapema, wakati mwingine kabla picha ya kawaida ya kifua haijaonyesha lolote. Mgonjwa ana haki ya kuomba asikilizwe mgongoni akiwa amevua sweta na koti. Kwenye baridi ya Njombe hilo halifanyiki kila mara, na kifaa juu ya nguo tatu hakisikii kitu.

Ni nadra kiasi gani? Kwa wenye rumatoidi, makovu ya kiwango cha kumsumbua mtu hufika kwa takriban mmoja kati ya 10, na zaidi kwa wanaume, wavuta sigara na wenye umri mkubwa. Kwa skleroderma hali ni nzito: picha ya CT, yaani eksirei ya mashine inayoonyesha mapafu tabaka kwa tabaka, huonyesha makovu kwa nusu ya wagonjwa au zaidi, na mapafu ndiyo sababu kuu ya vifo vya ugonjwa huo. Kwa wachache kifua hutangulia, viungo vikafuata miezi au miaka baadaye. Kwa hiyo mtu mwenye makovu yasiyoeleweka aulizwe kuhusu vidole vyake, na atazamwe mikono.

Mikono yenyewe husema mengi. Katika aina moja ya ugonjwa wa misuli, pembeni mwa kidole cha shahada na gumba ngozi hukauka na kupasuka, mistari ikaingia uchafu kama mikono ya fundi gereji. Huku kwetu, ambako mkulima wa Mufindi ana mikono iliyopasuka kwa jembe na baridi, dalili hiyo inapita bila kuonekana. Tofauti ya kuangalia ni hii: mipasuko ya kazi hukaa kiganjani na kisiginoni, hii ya ugonjwa hupanga mstari kando ya vidole, na huja pamoja na udhaifu wa mapaja na mabega au kuhema.

Sehemu nyingine zinazoweza kushikwa

Mapafu yamevikwa utando wa tabaka mbili, kama karatasi mbili za nailoni zenye tone la mafuta katikati zikiteleza moja juu ya nyingine. Utando ukivimba, kila pumzi huchoma. Ndicho wengi wanakiita kichomi. Maji yakijaa kati ya tabaka hizo, mtu hawezi kulalia upande mmoja. Kwenye lupasi hili si nadra hata kidogo. Maji hayo yavutwe na kupimwa, yasiishie kumwagwa. Sukari ikiwa chini sana kwenye maji ya kifua, rumatoidi ni mmoja wa washukiwa, pamoja na usaha na kifua kikuu. Lupasi kwa kawaida huiacha sukari ilivyo.

Kisha mishipa. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani ambao umeminywa kidogo kila mahali badala ya mahali pamoja. Pampu inaendelea kusukuma mpaka inachoka. Hiyo ndiyo presha ya mishipa ya mapafu, na haina uhusiano na presha inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi na huku upande wa kulia wa moyo wake unaelemewa. Dalili ni kuchoka kusiko na sababu, kizunguzungu au kuzimia wakati wa kupanda, na baadaye miguu kuvimba. Wenye skleroderma ndio hasa wanaopaswa kufanyiwa eko ya moyo, picha ya mawimbi ya sauti, kila mwaka hata wakijiona wazima. Moja ya dawa zake ni sildenafili, ile ambayo mitaani inajulikana kama dawa ya wanaume. Mama akiandikiwa, asidhani amekosewa, wala mume asiitupe: inalegeza mishipa ya mapafu. Ila isichanganywe kamwe na vidonge vya moyo vya jamii ya naitreti, kwani presha ya mwili huporomoka.

Kuna la kuvuja damu ndani ya vifuko. Hutokea kwa wachache wenye lupasi na wenye uvimbe wa mishipa midogo ya damu, lakini linaua ndani ya siku chache. Mtego wake ni kwamba si lazima mtu ateme damu. Anaweza kuhema tu, picha ikajaa mawingu meupe pande zote, na wingi wa damu ukashuka kutoka 11 hadi 7 ndani ya siku mbili bila kuonekana inapokwenda. Imekwenda mapafuni. Mkojo wake upimwe siku hiyohiyo, kwa kuwa figo mara nyingi hushambuliwa wakati mmoja na mapafu.

Damu inayoganda ovyo nayo ipo. Baadhi ya wenye lupasi hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, zinazofanya damu igande. Mwanamke ameharibikiwa mimba mara tatu, mguu mmoja ukavimba na kuuma, kisha ghafla kichomi na kuhema: bonge limetoka mguuni na kuziba mshipa wa pafu. Mimba zinazoharibika hupewa maelezo ya kurogwa na mkosi wa ukoo, na miaka inapita kabla mtu hajachukuliwa damu. Kipimo kipo, na tiba ya kuzuia damu kuganda ipo.

La nadra kuliko yote labda ni pafu linalosinyaa, linalompata takriban mmoja kati ya 100 wenye lupasi. Mapafu yenyewe yanaweza kuwa safi kabisa kwenye picha. Kilicholegea ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ni kama mivukuto ya mhunzi iliyochoka: makaa yapo, moto upo, hakuna wa kuvuta hewa. Mgonjwa huhema zaidi akilala chali, na picha huonyesha kiwambo kimepanda juu pande zote mbili. Wengi wao huambiwa ni wasiwasi. Hapana, ni msuli.

Vumbi la mgodini

Jambo hili linaihusu kanda yetu kwa namna ya pekee. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan aliandika kuhusu wachimba makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na rumatoidi na ambao picha zao zilionyesha vinundu vya mviringo mapafuni. Mwaka 1957 daktari Erasmus aliripoti skleroderma miongoni mwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Wanaume wengi wa Rungwe walikwenda kwenye migodi hiyo enzi za ukoloni. Leo tuna makaa ya Kiwira, na tuna Chunya, ambako vijana wanasaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha wakiwa weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope.

Vumbi la jiwe lenye silika huwaamsha sungusungu na kuwaweka macho muda wote. Linaongeza uwezekano wa kupata rumatoidi na skleroderma, linaongeza uwezekano wa kifua kikuu, na lenyewe hutia kovu. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe zile ndogo. Kinachopunguza vumbi ni kulowesha jiwe kwa maji kabla na wakati wa kutoboa au kusaga, na kusimama upande upepo unakotoka. Mchimbaji mwenye vidole vinavyovimba asubuhi amwambie daktari kazi yake bila kuulizwa.

Kifua kikuu kwanza, lakini si kifua kikuu tu

Hapa ndipo makosa makubwa zaidi hufanyika, kwa pande zote mbili.

Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda: hivyo vyote vinaweza kuwa kifua kikuu, na kwa nchi yetu lazima kitafutwe kwanza, hata kwa mtu ambaye ana rumatoidi kwa miaka 20. Makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotoa jibu kwa takriban saa mbili. Kipimo cha virusi vya Ukimwi kifanyike. Picha ya kifua ipigwe. Kama kikohozi ni kikavu na makohozi hayatoki, mate si mbadala. Mgonjwa avutishwe mvuke wa maji ya chumvi hospitalini ili makohozi yatoke kwa ndani.

Majibu yakirudi hayana kimelea, daktari bado anaweza kuanza dawa kwa kuangalia picha na hali ya mgonjwa, na mara nyingi anafanya sawa. Dawa hazilipiwi, na kuchelewa huua. Kosa linaanza pale miezi miwili inapopita, homa haijashuka, uzito haujapanda, kuhema kumezidi, na bado kila mtu anasubiri miezi sita itimie. Kifua kikuu cha kawaida kwa watu wazima hupenda sehemu ya juu ya mapafu. Makovu ya magonjwa ya kinga hukaa zaidi chini, kulia na kushoto. Hiyo si sheria isiyovunjika, lakini ni sababu ya kutosha ya kurudisha picha mezani na kuuliza upya.

Kuna mitego miwili ya dawa za kifua kikuu ambayo huvuruga watu. Wa kwanza: pirazinamidi, iliyomo kwenye vidonge vya miezi miwili ya mwanzo, huleta maumivu ya viungo kwa watu wengi. Kwa hiyo swali la kujibu kwa uangalifu ni je, viungo vilianza kuuma kabla ya dawa au baada? Wa pili: rifampisini hulifanya ini liteketeze haraka prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, kiasi cha nguvu ya dawa kushuka hadi karibu nusu. Mwenye lupasi aliyekuwa ametulia anaanza kuvimba tena, na inasemekana dawa za TB zimemlipua. Daktari akijua, anaongeza dozi ya prednisoloni kwa kipindi hicho. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe.

Upande wa pili wa kosa ni kuanza steroidi kabla kifua kikuu hakijatafutwa. Wiki mbili za mwanzo mtu anajisikia kapona, hamu ya kula inarudi, homa inakata. Kumbe sungusungu wamelazwa na mwizi yuko chumbani. Hivyo ndivyo kifua kikuu kidogo kinavyosambaa mwili mzima. Prednisoloni na deksamethasoni zinauzwa dukani kirahisi, hata kwa mabinti wanaotafuta kunenepa. Kikohozi hakitibiwi kwa vidonge hivyo vya kujinunulia.

Dawa za kutuliza kinga, na namna zinavyoharibiwa

Lengo la dawa ni kuwatuliza sungusungu, si kuvunja kikosi. Kwa makovu yanayoendelea, madaktari bingwa hutumia prednisoloni pamoja na dawa kama mikofenoleti, siklofosfamidi au rituksimabu. Kovu la zamani haliondoki. Kinachotafutwa ni kuzuia jipya, na mtu akibaki vilevile kwa miaka mitano, hiyo ni tiba iliyofanya kazi. Tunalisema hili wazi kwa sababu wengi huacha dawa wakisema "sioni mabadiliko".

Prednisoloni iliyotumika zaidi ya wiki tatu haikatwi ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zimeshalala, hazitengenezi homoni yake. Ukikata siku moja, mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka hadi kufa. Hupunguzwa kidogokidogo. Safari ya Dar es Salaam au msiba wa kijijini si sababu ya kuruka siku tatu: vidonge viingie mfukoni kabla ya nguo kuingia begini.

Kabla ya dozi kubwa kuna adui mmoja anayesahaulika sana Kyela na Rungwe, kwenye udongo wenye unyevu: minyoo aina ya strongiloidi, inayopenya kwenye nyayo za miguu. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele. Steroidi zikiingia, inazaana na kumiminika mapafuni, na mtu hufa kwa kile kinachoonekana kama nimonia. Kidonge kimoja cha minyoo kama kile cha shuleni hakitoshi kwa hawa. Ivamektini ndiyo bora. Aliyelima mpunga au kutembea peku aseme hivyo kabla ya kuandikiwa.

Methotreksati, dawa kuu ya rumatoidi, hunywewa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Kuinywa kila siku kumeua watu duniani kote, na kosa huanzia kwenye maandishi ya harakaharaka juu ya bahasha ya dawa. Chagua siku moja, kwa mfano Jumatatu, iandike ukutani, na foliki asidi inywe siku nyingine kama ulivyoelekezwa. Kwa nadra methotreksati huwasha mapafu, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza: homa, kikohozi kikavu na kuhema ndani ya siku chache. Hapo usinywe dozi inayofuata, nenda hospitali. Lakini uvumi kwamba methotreksati ndiyo inayoleta yale makovu ya taratibu haukuthibitishwa na tafiti za miaka ya karibuni. Anayeiacha kwa hofu hiyo huuacha ugonjwa uendelee.

Na jambo moja la kabatini: Septrin. Nyumba nyingi zinayo, na hununuliwa kwa kikohozi kama pipi. Kwa anayetumia methotreksati mchanganyiko huo unaweza kuzima uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu na homa ndizo dalili zake. Ndiyo, kuna wagonjwa wanaopewa Septrin na daktari kuzuia aina fulani ya nimonia wakiwa kwenye steroidi nyingi, lakini huyo daktari anajua dawa zao zote. Muuza duka hajui.

Kujipima nyumbani, na vipimo vya hospitali

Kipima oksijeni cha kidoleni kimekuwa cha kawaida tangu Uviko. Kinasaidia kikitumiwa vizuri, na huku kwetu kinakosewa kwa sababu mbili. Kwanza, baridi. Wenye magonjwa haya wengi wana vidole vinavyogeuka vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu vikiguswa na maji ya asubuhi. Hali iliyoelezwa na Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862. Kidole cha hivyo hakina damu ya kusomwa, namba inashuka uongo. Pasha mikono kwenye maji ya vuguvugu, futa rangi ya kucha, tumia kidole kisicho na hina, kaa dakika 5, kisha pima mpaka namba itulie.

Pili, mwinuko. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na baadhi ya vijiji vya Makete viko juu zaidi ya mita 2,000. Namba ya 94 Dar es Salaam ingemshtua daktari. Kule Makete inaweza kuwa ya mtu mzima wa afya. Kwa hiyo usilinganishe na jirani wa pwani, jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita. Kinachosema zaidi ni kushuka: pima umekaa, simama na kukaa kwenye kiti tena na tena kwa dakika moja bila kushika kitu, pima tena. Ikishuka kwa namba 4 au zaidi, kuna shida ya kuchunguzwa. Chini ya 90 ukiwa umekaa na mikono ina joto, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kwa ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli, basi kuhema kukiwa kwingi na namba ni nzuri, amini kuhema.

Siku hiyohiyo pia: kutema damu, midomo kubadilika rangi, kichomi cha ghafla na mguu mmoja uliovimba, au homa kwa mtu aliye kwenye dawa za kutuliza kinga.

Hospitalini, picha ya kawaida ya kifua ni mwanzo tu. Makovu ya mapema huonekana kwenye CT ya kifua. Kipimo cha kupuliza huonyesha kiasi cha hewa mapafu yanachobeba, na kurudiwa kwake kila baada ya miezi michache ndiko kunakosema kama kovu linatembea. Eko huangalia moyo. Vipimo vya damu vya kingamwili husaidia kutaja ugonjwa, ila havitoshi peke yake: mtu anaweza kuwa navyo na asiwe mgonjwa. Kwa wa zahanati ya kijijini, njia ni rufaa kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa, na mwisho Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Wakati wa kungoja rufaa, toeni jiko la mkaa chumbani. Usiku wa Julai ni mrefu na mlango ukifungwa kuna joto, lakini moshi unatia mapafu kazi ambayo hayaiwezi, na hewa ya sumu ya mkaa haionekani hata kwenye kipima oksijeni: kinaihesabu kama oksijeni na kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa.

Mgonjwa akiingia kwa daktari, abebe dawa zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za mitishamba na zisizo na lebo, na picha za zamani hata zikiwa zimekunjika. Daktari wa kifua anaangalia kifua, wa viungo anaangalia mikono. Anayebeba habari kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni mgonjwa au ndugu aliyemsindikiza. "Nachoka" halimsaidii yeyote kati yao. Semeni: "Machi alikuwa anatoka barabarani mpaka nyumbani na ndoo ya lita 20 bila kusimama. Mei alisimama mara mbili. Sasa ndoo anabebewa, na anasimama mara nne."